Tangu Tuhamie, Kabla Hatujahamia

Siku mliyoniandalia chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza niliingiaje hospitalini, kama nilianzia uhudumu au uuguzi. Nilimjibu kwamba nilianza kama mdomo, mkacheka wote, mkadhani ni mzaha wa mtu anayestaafu. Haukuwa mzaha. Miaka kadhaa kabla sijashika sindano, nilikuwa mkalimani wa daktari wa Kizungu. Habari za vyeo na mshahara zimo kwenye jalada langu. Anayezitaka akazisome huko, hazichukui muda. Mimi nitaandika juu ya vineno vitatu vya Kiingereza, have, has na had, kwa sababu ndivyo vilivyonisumbua kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia, na nimehudumia wagonjwa wasumbufu.

Mimi ni mtu wa Tingi, huko Kilwa. Nyumbani tulisema Kimatumbi, chuoni kwa mwalimu wa Kurani na barabarani tulisema Kiswahili, na shule ya kati tulisema Kiingereza pale mwalimu alipokuwa karibu. Uhuru ulikuwa bado mpya nilipomaliza shule. Baba alitaka nirudi kwenye mikorosho. Kisha habari zikaja kwamba hospitali inatafuta mtu anayejua Kimatumbi na Kiingereza pamoja, mwanamke kwa sababu wagonjwa wengi ni akina mama, na kwamba mtu huyo atapewa viatu. Baba akasema mikorosho inaweza kusubiri.

Daktari mwenyewe tulimwita Daktari Pavel. Alitoka nchi moja ya baridi, upande wa mashariki wa Ulaya, na Kiingereza hakikuwa lugha yake. Alijifunza ukubwani, kwa vitabu. Aliniambia kwamba lugha ya kwao haina kitu kama has wala had, na kwamba mwalimu wake alimpiga vidoleni kwa rula mpaka akavijua. Nikamwambia wangu alitumia fimbo ya mpera. Basi watu wawili waliochapwa kwa sababu ya vitenzi vilevile tukawekwa pamoja tuwatibu watu wa Kilwa.

Siku ya kwanza niliharibu kazi kabla ya saa nne. Tulifika kwenye kitanda cha mzee mmoja aliyeumwa tumbo usiku kucha, na alfajiri ndiyo kwanza amepata usingizi. Daktari akauliza hali yake. Nikaangalia, nikaona amelala, nikasema kwa Kiingereza safi kabisa, "He has slept." Daktari akafurahi. Kwa Kiingereza, mtu huyo ameshamaliza kulala, ameamka, yuko tayari kupimwa. Akamshika bega akamtikisa. Mzee akafumbua macho, akamwona Mzungu juu yake, akasema maneno ya Kimatumbi ambayo sitayaandika hapa. Daktari akaniuliza amesemaje. Nikasema, "Good morning."

Sista Agnesi alikuwa amesimama nyuma yetu. Huyu alikuwa muuguzi mkuu, Mmwera, mwanamke mrefu aliyesomea kazi wakati wa Waingereza na ambaye hakuinua sauti hata siku moja, jambo lililotufanya tumwogope zaidi. Aliniita stoo ya dawa. Nikajua nimefukuzwa. Akachukua bandeji nzima, akaifungua juu ya meza kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, akachomeka pini kwenye ukingo wa kulia.

"Hapa penye pini ni sasa," akasema. "Huku kushoto ni zamani. Mzee wetu amelala. Kiswahili kinakuonyesha mtu alivyo: yuko pale, macho yamefumba, basi. Kiingereza kinauliza kitu kingine. Kinauliza, kile kitendo cha kulala kimefika wapi kwenye bandeji? Ukisema has, umesema kitendo kimeshapita, na alama yake iko hapa kwenye pini. Yule mzee hakuwa na alama ya usingizi. Alikuwa na usingizi wenyewe."

"Nisemeje basi, Sista?"

"Sema he is asleep. Na amesimama, amekaa, amechoka, amevimba, zote hizo kwanza uangalie kwa macho yako, ndipo ufungue mdomo."

Kisha akachukua pini ya pili na ya tatu, akazichomeka zote upande wa kushoto, moja nyuma ya nyingine. "Huyu ni had. Had hatembei peke yake. Yeye ni zamani ya zamani. Ukimsikia, muulize mwenzake yuko wapi: alikuwa ameshatapika kabla ya nini? Alikuwa amezimia alipofika nani? Kama mwenzake hayupo, usimtaje."

Alinifundisha hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana, mpaka bandeji ile ikawa na matundu na haikuweza kufungwa kwa mtu. Since alikuwa pini: tangu Jumatatu, tangu alipoanguka. For alikuwa urefu wa bandeji wenyewe: siku mbili, mwezi mzima. Vifupisho alivipiga marufuku. Alisema mtu akiandika he's, hujui kama ni he is au ni he has, na katika wodi yake hakutaka mgonjwa ambaye hajulikani yuko hali gani.

Bado nayo ilinipa taabu yake. Kwetu ni neno moja na linatosha kila mahali. Amekula? Bado. Kwa Kiingereza bado hiyo ni maneno matano, he has not eaten yet, na kila neno lina mahali pake pa kukaa. Lakini taabu kubwa ilikuwa pale daktari alipouliza wanawake kama wamezaa. Mwanamke wa kwetu ambaye hana mtoto hasemi sina. Anasema bado. Alikuja bibi mmoja mwenye mvi kichwa kizima, mgongo umepinda, magoti yanamuuma. Daktari akauliza kama amewahi kuzaa. Bibi akasema bado. Nikatafsiri, "Not yet." Daktari akamwangalia bibi, akaniangalia mimi, akaandika. Baadaye nikaona ameandika hivyohivyo, na pembeni ameweka alama ya kuuliza. Nikamwachia alama yake.

Halafu kulikuwa na yule a- wetu. Amekunywa, amekojoa, ametapika: ni nani? Mwanamume, mwanamke, mtoto, wote ni a-. Lugha ya daktari iligawa jinsia mpaka vijiko, na aliteseka sana nilipomwambia "he" nikimaanisha mke wa mtu. Mara moja mama mmoja mwenye mtoto mchanga alilalamika kwamba hajakojoa tangu jana. Nikasema "she". Daktari akaanza kumpima mama tumbo la chini, mama akastaajabu, akamnyanyua mtoto juu kama mtu anayeonyesha kuku sokoni, akasema, "Huyu!" Toka siku hiyo nilijifunza kuuliza "nani?" hata pale jibu lilipoonekana wazi. Wagonjwa walidhani mimi ni mzito wa kusikia. Niliwaacha wadhani.

Na kama mtu wa kwetu ameumwa na nyoka, msisahau kile kineno been. Mimi nilikisahau. Nilimwambia daktari kwamba mgonjwa amemuuma nyoka. Daktari hakushangaa, alikuwa ameshazoea. Akauliza tu nyoka anaendeleaje.

Nimeyaeleza hayo ili mwelewe nilikuwa nimefika wapi pale mambo ya vijiji vya ujamaa yalipoanza.

Watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mbalimbali, wakawekwa pamoja penye barabara. Kijiji nitakachokizungumzia nitakiita Mtakuja, ingawa si jina lake. Kilikuwa bara kidogo, kikiwa na nyumba zilizopangwa mistari iliyonyooka, shule ya udongo isiyo na milango, na bwawa moja. Habari zilitufikia kwamba watoto wa Mtakuja wanakojoa damu. Ni kichocho, nyote mnakijua. Kinapatikana kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, na mgonjwa akikojoa humo anawaambukiza wengine. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: ugonjwa umeanzia wapi.

Tulikwenda kwa gari la serikali, daktari, mimi, na Bwana Afya wa wilaya. Huyu alikuwa kijana, mwenye adabu, amechoka, suruali yake imepigwa pasi vizuri sana kwa barabara ile. Njiani aliniinamia.

"Dada Salima," akasema, "wewe ni mtu wa huku, nitakuambia wazi. Wakisema ugonjwa ulikuwepo kabla hawajahamia, mimi naandika ombi la dawa, tunapewa dawa. Wakisema umeanza tangu wahamie, inabidi niandike mkoani kwamba tuliwaweka watu kwenye maji mabaya. Unaelewa nitaulizwa nini?"

"Nani alichagua mahali?"

"Tulichagua," akasema. Kisha akaangalia nje mpaka tukafika.

Daktari alianza na swali jepesi ili watu wazoee. Akamuuliza mzee mmoja ameishi pale kwa muda gani. Mzee akajibu, "Sijaishi hapa. Nimeletwa." Nikatafsiri yote mawili. Daktari akabaki akitafuta katika kichwa chake mahali pa kuliweka jibu hilo. Bwana Afya akakohoa.

Mkutano ulifanyika shuleni. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma na kwenye madirisha. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngwele, akasimama. Alikuwa mtu wa heshima, ndevu fupi, kanzu safi, na alisema kama mtu aliyekwishafikiri.

"Ndugu Daktari, karibu Mtakuja. Ugonjwa huu tulikuwa nao kabla hatujahamia hapa. Watoto wetu walikuwa wameshaanza kukojoa damu. Si jambo jipya."

Ilikuwa sentensi nzuri. Had alikuwemo na mwenzake alikuwemo. Nikatafsiri bila kukwama hata mara moja. Daktari akaandika. Bwana Afya akafuta jasho.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka dirishani. "Si kweli. Tumeanza kuuona tangu tuhamie."

Watu wakageuka. Alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa makamo, mwenye kanga iliyofifia, amembeba binti mkubwa kidogo kwa kubebwa. Nikatafsiri na hilo. Daktari akaweka kalamu chini.

"Have," akaniuliza, "au had?"

Nikauliza tena. Mwenyekiti akarudia maneno yake. Bi Mwanahawa akarudia yake, kwa sauti zaidi.

"Bi Mwanahawa," akasema Mwenyekiti, "mbele ya wageni unaniita mwongo?"

"Sijamwita mtu. Nimesema nilichokiona kwenye kopo la mwanangu."

Minong'ono ikaanza. Wengine walisema kabla, wengine tangu, na wote walisema sisi. Daktari alianza kuwa mwekundu shingoni. Aliniambia polepole kwamba mtu mmoja kati ya hawa anaogopa kitu, na kwamba yeye anataka kujua ni nani. Nilijua anakokwenda. Akiamua Mwenyekiti anasema uongo, mzee yule ataaibika kijijini kwake. Akiamua ni mwanamke, hakuna mama atakayesema tena lolote, na watoto wataendelea kuoga bwawani. Na mimi ndiye niliyesimama katikati, sina kingine mkononi ila vineno vyangu vitatu.

Bwana Afya akasema tule kwanza. Lilikuwa wazo lake zuri kuliko yote siku ile.

Nilimfuata Bi Mwanahawa hadi jikoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanipa kigoda na kipande cha muhogo. Nilipomsemesha Kimatumbi, mabega yake yakashuka kidogo.

"Nimejuta kusema," akasema. "Mdomo umenitangulia."

"Ulichosema ni kweli, mama?"

"Ni kweli. Lakini wakisema maji haya ni mabaya, si watatuhamisha tena? Nimeshapanda mihogo. Nimeshakandika nyumba. Mume wangu amekufa hapa, kaburi lake liko pale. Nikihama tena nitahama na nini?"

Binti yake, Zuhura, aliingia na kopo mkononi, akalificha nyuma aliponiona. Mama akamwambia alionyeshe. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mwishoni mwake damu mbichi. Mtoto alikuwa akiangalia miguu yangu, vile viatu vya serikali.

"Huyu hakuwa hivi," akasema Bi Mwanahawa. "Kule mlimani tulichota maji ya chemchemi, mtoto hana hata pa kuogelea. Hawa wa bondeni ndio waliozaliwa mtoni. Watoto wa Mwenyekiti wamekuwa hivyo tangu hata sijamjua baba yao."

Nikaacha kutafuna.

"Kumbe Mwenyekiti ni mtu wa bondeni?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto asiyejua kuku na bata. "Wewe ulidhani sisi sote tumetoka mahali pamoja? Tumekutana hapa hapa, penye lori."

Nilirudi shuleni mbio, muhogo mkononi. Miaka ile neno sisi lilikuwa kubwa sana. Lilikuwa kwenye hotuba, kwenye nyimbo za shule, kwenye mabango, na liliingiza watu wengi ndani yake bila kuwauliza. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kuliuliza lile swali la "nani?" nililokuwa nikimuuliza kila mgonjwa wodini.

Daktari alikuwa nje akivuta sigara. Nikamweleza kwamba labda hakuna mwongo. Akasikiliza, akazima sigara, akasema tuwaulize kwa makundi: waliotoka mlimani wakae huku, waliotoka bondeni wakae kule. Nilipotangaza hilo, Mwenyekiti akasimama, na safari hii alikuwa amekasirika kweli.

"Hapana. Hapa hakuna mlimani wala bondeni. Hapa ni Mtakuja. Tumefanya kazi mwaka mzima watu hawa wakae pamoja bila kutengana, leo mje mtutenganishe kwa mkojo?"

Watu wakacheka, lakini hawakusogea. Bwana Afya akanyanyuka na kusema kwamba Mwenyekiti ana haki, kuwagawa wananchi si utaratibu. Daktari hakuelewa kwa nini watu hawahami kutoka benchi moja hadi jingine.

Mimi nilikuwa msichana. Sikupaswa kumuuliza mzee yule kitu ambacho daktari hakukiuliza. Nikaenda mbele yake, nikamwamkia upya, akaitika bila kutaka.

"Mzee wangu, naomba unisaidie kutafsiri. Watoto waliokuwa wameshaanza kabla ya kuhamia, ni watoto gani?"

"Watoto wetu."

"Wa kwako, mzee?"

"Wangu ndiyo. Watatu. Na wa ndugu zangu wa kule mtoni."

"Na wa Bi Mwanahawa?"

Alikuwa mtu mkweli; aliliangalia swali kama mtu anayetazama kitu alichokuwa amekikalia.

"Wa Bi Mwanahawa," akasema, "sikuwajua wakati huo."

Akamtafuta kwa macho dirishani. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akachukua fimbo yake akaenda kukaa benchi la upande wa kushoto. Watu wa bondeni wakamfuata mmoja mmoja. Waliobaki walikuwa wa mlimani. Hapo ndipo daktari alipoanza kuuliza kwa zamu, na mimi kutafsiri, na kila jibu likaingia mahali pake. Wa bondeni: had, before. Wa mlimani: have, since. Hakukuwa hata mmoja aliyejikanganya.

Daktari alielewa haraka. Watoto wa mtoni walikuja na ugonjwa, wakakojoa bwawani. Konokono walikuwepo tayari, na wa mlimani wakaoga humohumo. Aliyasema hayo kwa Kiingereza kirefu chenye kabla na tangu ndani yake, kisha akaningoja niwaambie watu. Nikawaona akina baba wa benchi la kushoto wameinama. Walishaelewa kwamba kuna kitu kinakuja juu yao.

"Daktari anasema," nikaanza, "watoto wa bondeni walikuwa wameshaupata ugonjwa huu mtoni kabla hawajaletwa hapa, na hawakuwa na kosa. Watoto wa mlimani wamekuwa wakiupata bwawani tangu waletwe hapa, na wao pia hawana kosa."

Bwana Afya, ambaye Kiingereza alikijua, akaninong'oneza, "Amesema walipokuja. Hakusema walipoletwa. Na habari za kosa hakuzisema kabisa."

"Ndiyo, Bwana Afya," nikasema.

Akarudi kukaa mahali pake.

Lakini Bi Mwanahawa alikuwa bado na swali lake, na alilitoa mwenyewe, wazi, mbele ya watu. "Sasa mtatuhamisha?"

Watu wa mabenchi yote mawili wakainua vichwa. Kumbe kila mtu alikuwa akiliogopa hilohilo. Daktari akasema kwamba yeye anaandika yaliyotokea. Yatakayotokea ni ya serikali. Akamgeukia Bwana Afya. Wote wakamgeukia Bwana Afya. Yule kijana akashika mkunjo wa suruali yake, akaulainisha, akasema:

"Mama, lori za kuwahamisha hazipo. Hata zile zilizowaleta zimeharibika."

Sijawahi kusikia habari mbaya ya serikali ikipokelewa kwa vigelegele namna ile. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia. Bwana Afya alishtuka kwanza, halafu nikaona na yeye anatabasamu, naye akaandika mkoani kila kitu, kabla na tangu, pamoja na ombi la saruji ya kisima. Nasikia aliulizwa alichojua ataulizwa. Alihamishiwa wilaya nyingine, na huko akawa mtu mzima mwenye heshima zake.

Saruji ilichelewa, kisima hakikuchelewa. Walichimba wenyewe, watu wa mlimani na wa bondeni kwa zamu, na bwawa wakalizungushia miiba. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi kidogo. Walilalamika, wakayanywa. Dawa za wakati ule zilikuwa sindano kali. Watoto walitapika, wengine walikimbilia porini wakisikia mlio wa gari letu. Zuhura hakukimbia. Alifumba macho, akauma ncha ya kanga ya mama yake, akamaliza zote. Tuliporudi na hadubini baada ya mavuno, kopo lake lilikuwa safi. Kijana mkubwa wa Mwenyekiti hakupona vizuri. Alikuwa ameugua miaka mingi mno kabla hatujamfikia, na kibofu kilikuwa kimeharibika. Baba yake alimleta hospitalini kwa baiskeli mara nyingi. Safari mojawapo Bi Mwanahawa alikuja naye, amebeba uji wa mgonjwa kwenye chupa ya chai. Walikaa benchi moja nje ya wodi.

Daktari Pavel alirudi kwao mkataba wake ulipokwisha. Siku ya kuaga aliniambia kwa Kiswahili, alichokuwa amekificha muda wote, "Nimefurahi." Sista Agnesi akamsahihisha matamshi. Mwezi uliofuata Sista alinipeleka mimi chuo cha uuguzi. Alikuwa amejaza fomu bila kuniuliza. Nilipolalamika alisema kwamba mtu anayeweza kumuuliza mwenyekiti wa kijiji swali kama lile hawezi kuogopa kuchoma sindano. Alistaafu nikiwa chuoni. Bandeji ya matundu niliikuta imetupwa, kama inavyotakiwa kwa bandeji chafu.

Niliporudi nikiwa muuguzi, ujamaa ulikuwa umeanza kuzungumzwa kwa sauti ya chini, na tukaletewa daktari Mtanzania. Alikuwa kijana kutoka upande wa Ziwa, hodari, Kiswahili chake kimenyooka. Siku ya kwanza alituambia kwa furaha kwamba hapa mkalimani hahitajiki tena; wagonjwa ni wa kwetu na lugha ni ya kwetu. Nilikubaliana naye. Nikaenda kusimama pembeni na trei yangu ya sindano, na kusema kweli niliona wepesi mabegani.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi kutoka bara. Daktari akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, bibi akaitika marahaba. Akamuuliza anaumwa nini, na tangu lini. Bibi akajiweka sawa kitini, akafunga kanga yake kifuani, akaanza kueleza kwa Kimatumbi, kirefu, kwa mikono, ugonjwa wote na yaliyotangulia ugonjwa na nani alikuwa ameshasema nini kabla haujaanza. Daktari alitikisa kichwa kwa adabu mpaka alipomaliza. Kisha akageuka polepole kunitazama.

"Amesemaje?"

Nikaweka trei mezani, nikavuta kiti, nikamuuliza bibi, "Nani?"